Atakayeitikia Jina la Ryoba

Kapteni aliniuliza baba yake mwanangu Jackson yuko wapi, nami nikamjibu ukweli mtupu kwamba hakuwahi kuzaliwa.

Aliacha kuandika, akanitazama kuona kama namtania. Sikuwa namtania. Aliitwa Nikolaus, mtu wa Ruvuma, mpole, na viatu vyake viling'aa kiasi kwamba kuku wetu walivizunguka kwa mbali. Alikuwa amekuja Gorong'a na gari la jeshi kutafuta nyumba za askari waliokufa vitani. Jeshi la nchi kavu lilikuwa linaandaa siku ya kuuenzi mkoa wetu wa Mara, kwa sababu, alisema, tangu enzi za Keya, jeshi la Mwingereza, mpaka vita vya Kagera, vikosi vya miguu havijawahi kukosa vijana wa huku. Habari hiyo haikuwa ngeni kwetu. Huku Tarime, ukoo usio na mtu jeshini unaona haya hata kujitambulisha harusini.

Jiwe la kumbukumbu lingewekwa mjini, upande wa Nkende, likiwa na majina ya waliokufa. Siku ya kulizindua, kila jina lingeitwa kwa sauti kama linavyoitwa kwenye gwaride, na mtu mmoja wa nyumba ya marehemu angeitikia kwa niaba yake, "Yupo!" Kisha angesogea mbele kupokea nishani. Mtu mmoja tu kwa kila jina.

Jina la kwetu lilikuwa Koplo Ryoba Nchagwa. Mimi ni mkwewe, ingawa sikuwahi kumwona. Alikufa ng'ambo ya mto Kagera nikiwa bado mgongoni kwa mama yangu, kijiji kingine kabisa.

Hapo ndipo kapteni alipochanganyikiwa, na ilibidi nimweleze polepole. Ryoba alimwacha mkewe, Bhoke, na mtoto mmoja wa kike, Robi. Alipoondoka alimwambia Bhoke kwamba akirudi watatafuta wa kiume. Hakurudi. Kwetu, mama asiye na mtoto wa kiume anakaa kwenye nyumba inayosubiri kufa. Siku akizikwa, mashemeji wanagawana ardhi, na jina la mume linaisha hapo. Lakini wazee walituachia njia. Mama kama huyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, amwolee yule mtoto wa kiume ambaye angemzaa. Ndiyo inaitwa nyumba ntobhu. Binti atazaa na mwanamume anayemtaka mwenyewe, na watoto ni wa nyumba ile, wajukuu halali wa marehemu. Yule aliyewazaa kwa mwili hana jina pale. Kumtaja mbele ya watu ni kuitukana nyumba nzima.

Robi alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake ndio walionileta mimi kwa Bhoke. Kwa hiyo mume wangu ni mtoto wa Ryoba ambaye vita vilimzuia kuzaliwa. Nimeishi naye vizuri. Hanywi, hanipigi, na hajawahi kunikatalia jambo.

"Naelewa," alisema kapteni, na uso wake ulionyesha kwamba haelewi. "Lakini maelekezo yanasema ndugu wa damu."

"Ndugu wa damu ni mimi hapa!"

Huyo alikuwa Mseti, mdogo wake Ryoba, mzee wa watu, amekaa kwenye kigoda na fimbo katikati ya magoti. Alikuwa anasubiri neno hilo tangu gari lilipoingia uani. Nitamtendea haki Mseti. Alimpenda kaka yake. Walikwenda pamoja kuandikishwa jeshini, Ryoba akachukuliwa, yeye akarudishwa kwa sababu jicho lake moja halioni vizuri, na jambo hilo limemuuma mpaka leo. Namhurumia. Ila huruma yangu ina mpaka wake, na mpaka huo ni mihogo yetu, maana wanawe walikuwa wameshaanza kulisha ng'ombe wao ndani yake. Shamba la Ryoba linapakana na la Mseti. Siku Mseti akisimama mbele ya mkoa mzima kuitikia jina lile, nani tena angesema kwamba nyumba ya Ryoba ina mtu? Bhoke ni mzee. Angefumba macho tu, na mimi na Jackson tungeambiwa tufungashe.

Bhoke hakupandisha sauti. Hapandishi kamwe.

"Mseti," alisema, "wale ng'ombe waliokwenda kwa baba yake Nyangi, huyu mkwe wangu hapa, nani aliwaswaga?"

Mseti alitazama ncha ya fimbo yake. "Niliwaswaga mimi, shemeji."

"Ulidhani unawapeleka mnadani?"

Majirani waliojazana mlangoni waliangua kicheko. Mseti alikunja uso. "Mila ni mila, na serikali ni serikali," alisema. "Afande ameuliza damu. Hakuuliza ng'ombe."

Ndipo Bhoke akamgeukia kapteni.

"Mwanangu," alimwambia, "jeshi lilikuja hapa likamchukua Ryoba kabla hatujapata mtoto wa kiume. Leo jeshi limerudi linaniuliza mtoto wa kiume yuko wapi. Ningewauliza mimi ninyi, au siyo?"

Hakuna aliyecheka tena. Kapteni alifunga kitabu chake, akatoka nje na simu, akawa anatembea kuzunguka zizi huku anaongea na wakubwa wake na kusema "ndiyo afande, ndiyo afande" mpaka ng'ombe wakamzoea. Aliporudi alisimama wima.

"Wakubwa wamekubali mila yenu," alisema. "Kijana Jackson ataitikia. Lakini kwa sharti moja. Asitokee mtu yeyote kudai kwamba huyu kijana ni mtoto wake. Siku ile patakuwa na wageni wa kitaifa, hatutaki ugomvi mbele ya jiwe. Akitokea mtu kama huyo, jina ataitikia mzee Mseti, na mjadala umeisha."

Bhoke alishukuru. Mimi nilikuwa namtazama Mseti. Uso wake, uliokuwa umekunjamana, ulilegea taratibu, na kidogo tu akatabasamu. Nilijua anachowaza, na nilijua anamjua mtu mwenyewe.

Alikuwa anaitwa Ouma. Mjaluo wa Sirari, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, aliyekuwa anakuja na marobota ya mitumba kwenye mnada wa kwetu enzi hizo nikiwa msichana. Mrefu, mcheshi, na masikio yake yalisimama kuelekea mbele kana kwamba anasikiliza jambo la muhimu muda wote. Nilimpenda. Siwezi kulisema kwa njia nyingine. Alitaka kunihamishia kwao, nikakataa, kwa sababu Bhoke hakuwa amenileta ili nimwachie nyumba tupu. Jackson alipoanza kutembea, Ouma aliacha kuja. Nilisikia baadaye kwamba ameoa na mkewe amezaa wasichana, mmoja baada ya mwingine. Bhoke hakuwahi kumtaja kwa jina, hata siku moja, na mimi pia sikuwahi. Ila Jackson alikua, na masikio yakakua naye.

Jackson anaendesha bodaboda kule Nyamongo, anabeba wachimbaji kutwa nzima, lakini ni mtu wa sauti ndogo. Juma lile alirudi nyumbani kujifunza kuitikia. Nilikuwa namsikia kule shambani, "Yupo! Yupo!" mpaka mbuzi wakawa wanageuka. Jioni moja alinikuta napepeta wimbi, akachuchumaa pembeni.

"Mama, yule afande alisema asitokee mtu."

"Nilimsikia."

"Anaweza kutokea?"

Mkono wake ulikuwa umeshika sikio, anajikuna hapo pasipowasha. Hakuwahi kuniuliza maisha yake yote, na hata siku ile aliuliza kwa pembeni, asije akaitukana nyumba.

"Hakuna wa kutokea," nilimwambia. Nikaendelea kupepeta, na nikapepeta mpaka punje nzuri nazo zikaruka na makapi.

Siku yenyewe tulifika Nkende jua likiwa bado dogo. Maduka ya barabarani yalikuwa yamefungwa nusu, watu wametoka kushangaa. Uwanjani palijaa maturubai, bendi ya jeshi inajaribu matarumbeta, na katikati lilisimama jiwe limefunikwa kitambaa cha kijani. Wazee waliowahi kutumikia walikuja na nishani zao vifuani, wengine wametoka Serengeti, Waikoma na Wanata, wengine Rorya. Mmoja alikuwa amevaa kofia ya baba yake aliyepigana na kufia Burma, kubwa kwake, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Kusema kweli moyo wangu ulijaa. Nilikuwa nimezoea kusikia Tarime ikitajwa redioni kwa wizi wa mifugo na mapanga. Siku ile ilitajwa kwa watu wake waliokufa ili wengine wabaki.

Bhoke alikaa mstari wa mbele. Jackson alivaa shati jeupe na mkanda wa jeshi wa Ryoba, ule alioacha mara ya mwisho alipokuja likizo, ambao Bhoke amekuwa akiupaka mafuta ya ng'ombe miaka yote hii. Ulikuwa mpana kwake, tukautoboa tundu jipya kwa msumari.

Nilianza kuamini kwamba yatapita. Halafu nikaona fimbo ya Mseti ikija katikati ya watu, na nyuma yake mtu mrefu aliyevaa koti la suti na kofia mkononi.

Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Masikio yalikuwa yale yale.

"Afande Nikolaus!" Mseti aliita kwa nguvu, mpaka mpiga tarumbeta akashusha chombo chake. "Ulisema akitokea mtu. Huyu hapa. Namleta kutoka Sirari. Anaitwa Ouma, na amekuja kumchukua mwanawe."

Kapteni alitazama saa yake, akatazama jukwaa ambapo wageni walikuwa wanakaribia kukaa. Kwa haraka alituingiza wote nyuma ya turubai, pale wapishi wa jeshi walipokuwa wanageuza pilau. Tulisimama kwenye moshi: Bhoke, Jackson, mimi, Mseti, kapteni, na Ouma. Wapishi walijifanya hawasikii, na miko yao ikaacha kugonga sufuria.

Ouma hakunitazama. Alikuwa anamtazama Jackson tu, toka kichwani mpaka viatuni, kama mtu anayekunywa maji. "Nyathina," alisema chinichini. Ni neno la kwao, maana yake mwanangu. Mimi tu nililielewa pale, au nilidhani ni mimi tu. Jackson alikuwa ameganda. Mkono wake ulipanda kuelekea sikioni, ukaishia njiani.

Nilitaka kusema. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, lakini kwa mila mimi ndiye ambaye sikupaswa kufungua kinywa kabisa. Ningesema ndiyo, ningeua nyumba. Ningesema hapana, ningemkana mtu aliyesimama mbele yangu kwa koti alilolipiga pasi kwa ajili ya siku hii. Nilishika mkono wa Bhoke.

"Mzee," kapteni alimwambia Ouma, "shikamoo. Nitakuuliza jambo moja, unijibu ukweli. Huyu kijana ni mtoto wako?"

Mseti aliguna kwa kuridhika. "Si unaona masikio, afande? Hata kipofu wa jicho moja kama mimi naona."

"Nimemuuliza yeye," alisema kapteni.

Ouma alizungusha kofia vidoleni. "Marahaba, ofisa. Kwanza mimi nikuulize. Huyu mzee alikuja kwangu akaniambia, kuja umchukue kijana wako, mama yake amekubali. Sikuambiwa maneno ya jeshi. Hii ni kitu gani inafanyika hapa?"

Kapteni alimweleza kwa kifupi. Jiwe, majina, kuitikia. Alipofika kwenye sharti, Ouma alimwinulia mkono asubiri.

"Nikisema ni wangu?"

"Jina la Koplo Ryoba ataitikia mdogo wake, mzee Mseti."

"Na huyu mama mzee?"

"Atakaa pale na wageni wengine."

"Na nyumba yake?"

Hilo halikuwa la jeshi. Bhoke ndiye aliyejibu, akitazama moto wa wapishi. "Nyumba itafungwa," alisema.

Nje bendi ilianza kupiga. Mtu alikuja mbio akamnong'oneza kapteni kwamba mgeni rasmi ameshaketi. "Mzee, tafadhali," kapteni alisema, na jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Ndiyo au hapana."

Ouma alimtazama Jackson tena. Hapo ndipo akanitazama na mimi, mara ya kwanza tangu enzi zile, na sikuyakwepa macho yake. Sikumsihi kwa lolote. Ningewezaje? Alikuwa ametoka kwao asubuhi akiamini anakwenda kuchukua mtoto wa kiume. Nilijua kwamba huenda amewaambia mabinti zake, huenda wamefagia chumba. Nilimhurumia, na bado moyoni nilikuwa naomba aseme hapana.

"Mimi, ofisa," alisema Ouma, "Mungu amenipa wasichana. Wazuri, wote. Kijana hakunipa. Kuja Sirari, uliza mtu yeyote, atakwambia Ouma hana kijana." Aliishusha kofia pajani. "Huyu sijawahi kumlisha. Sijamlipia shule. Siku akiwa mgonjwa sikuwepo. Mwenye alifanya hayo yote ni nyumba ya Ryoba. Basi huyu ni wa Ryoba."

"Mwongo!" Mseti alipiga fimbo chini, na majivu yakaruka. "Afande, mura, mtazame uso! Mtazame!"

Kapteni alitazama. Alitazama masikio ya Ouma, kisha ya Jackson, taratibu kabisa, na mtu yeyote mwenye macho angeona kile alichokiona. Mpishi mmoja aliinama kuchochea kuni zilizokuwa zinawaka vizuri tu.

"Mzee Ouma, unasema huyu si mtoto wako. Ndiyo neno lako?"

"Ndiyo neno langu."

"Basi hakuna aliyetokea," alisema kapteni. "Jackson, nenda kasimame mstarini."

Mseti aliinua fimbo tena. Nilidhani atapiga kelele, atatoka nje aharibu sherehe yote. Badala yake mabega yake yalishuka. "Alikuwa kaka yangu," alisema, si kwa kapteni wala kwetu. Na hapo, Mungu anisamehe, nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba sikumhurumia hata kidogo. Leo ninamhurumia.

Tulirudi kwenye viti. Kitambaa cha kijani kilivutwa, jiwe likaonekana, jeusi, limejaa majina. Kukawa kimya hata bodaboda za barabarani zikazimwa. Ofisa mmoja mwenye kifua kipana alianza kuita.

Majina yaliitwa, na watu wakaitikia. Bibi mmoja aliitikia jina la mumewe kwa sauti kali kuliko ya askari. Mzee mwenye kofia ya Burma aliitikia la babake, akasahau kusogea, ikabidi ashikwe mkono. Mimi sikuwa nawatazama. Nilikuwa namtazama Jackson, na Jackson hakuwa analitazama jiwe. Alikuwa ametupa macho nje ya uwanja, kwenye barabara ya kwenda Sirari. Ouma alikuwa anatembea huko, peke yake, kofia bado mkononi.

"Koplo Ryoba Nchagwa!"

Jackson hakufungua mdomo. Niliona kila kitu alichokuwa anakiona. Kwa mara ya kwanza alikuwa amemwona mtu mwenye sura yake, na mtu huyo amemkana mbele yake, na sasa anaondoka. Akiitikia, atalitia hilo muhuri kwa mdomo wake mwenyewe. Kama angetaka kumkimbilia, wakati ulikuwa huo. Miguu yake ilikuwa inataka. Nilimjua tangu akiwa anatambaa, nilijua anavyosimama anapotaka kukimbia.

Watu walianza kugeuza shingo. Upande wa pili wa uwanja, Mseti aliinuka kwenye kiti, akavuta pumzi. Bhoke alinishika goti akalikaza, lakini hakusema neno, hakumwita mjukuu wake, hakumkaripia. Alimwachia.

"Koplo Ryoba Nchagwa!" Ofisa aliita tena, kwa nguvu zaidi, na sauti ile ikavuka uwanja mpaka barabarani.

Ouma alisimama. Hakugeuka. Alisimama tu pale, mgongo kwetu, na masikio yale yakisubiri.

"Yupo!"

Jackson alilitoa neno lile kifuani kwa sauti ambayo sikujua anayo. Njiwa waliokuwa juu ya paa la duka waliruka. Akapiga hatua mbele, mkanda ukimcheza kiunoni, akapokea nishani kwa mikono miwili na machozi yakimchuruzika hadharani, bila kujipangusa. Kule barabarani Ouma alivaa kofia yake. Mseti aliketi. Bhoke aliachia goti langu, na alama za vidole vyake zilibaki hapo mpaka jioni.

Baada ya hotuba watu walikaribishwa chakula. Jackson alikuja akampa Bhoke nishani, naye akaigeuza huku na huku, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Hakulia. Alikuwa anatazama kule ng'ambo ya uwanja, ambako Ouma alikuwa bado amesimama kando ya barabara, anasubiri gari la kumrudisha kwao. Magari yalikuwa yanapita na yeye hayasimamishi.

"Nyangi," Bhoke alisema, "yule mgeni amekula?"

Sikuamini masikio yangu. "Hapana, mama. Hajala."

"Ametoka mbali." Alifikiri kidogo, akajiweka sawa kitini. "Jackson, chukua sahani ya pilau umpelekee. Uweke nyama. Na usimwachie barabarani ukarudi mbio kama mtu anayelisha mbwa. Kaa naye mpaka amalize."

"Nimwiteje, bibi?"

Bhoke alimtazama mjukuu wake, akayatazama yale masikio bila kuyakwepa, mbele yangu, kwa mara ya kwanza tangu alipozaliwa.

"Mwite vile mwenyewe atakavyotaka kuitwa," alisema. "Jina la Ryoba umeshaliitikia."

Jackson alichukua sahani, akafunika kwa nyingine ili isipoe, akavuka uwanja. Nilimwona Ouma akimtazama anavyokuja, na nikamwona akivua tena kofia. Walikaa kwenye ukingo wa mtaro, sahani katikati yao. Sikusikia walichosemezana na sijauliza mpaka leo. Wakati tunapanda gari la kurudi Gorong'a walikuwa bado pale, na Bhoke alimwambia dereva asipige honi.